Udongo wa Kizingitini

Chai yangu huwa ya rangi na haina sukari. Imekuwa hivyo tangu nikiwa na miaka kumi. Kule ofisini Busia, ambako kazi yangu ni kufuatilia stakabadhi za mizigo inayovuka mpaka, wenzangu wanaamini nina kisukari ninachokificha. Mmoja aliwahi kuniletea mizizi iliyofungwa kwenye gazeti, akaninong'oneza niichemshe asubuhi na jioni. Niliipokea nikamshukuru. Kumweleza ukweli kungenilazimu kuanza na nyanya yangu, na nyanya yangu hawezi kusimuliwa mtu akiwa amesimama.

Nyanya alikuwa mama yake baba, na boma letu liko Chakol. Alilima wimbi, alifuga kuku wasiosikia la mtu, na siku ambazo wazee walikuja na mirija yao aliwapikia pombe. Hayo yote aliyafanya kwa sababu lazima yafanywe. Alichokipenda ni kutengeneza watu wadogo. Sisi wajukuu tulipowaita doli alitukemea.

"Doli ni ya duka," alisema. "Iko na macho ya bluu na haina kazi. Hawa wangu wako na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu: kumrudisha nyumbani mtu aliyesafiri. Sidhani ni desturi ya Wateso wote. Sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo, na nyanya mwenyewe alisema alifundishwa na mama yake, aliyeletwa na ndoa kutoka upande wa Uganda. Alivyoeleza ni hivi. Mizimu ya boma hukaa kizingitini, kwa sababu hapo ndipo kila mtu wa nyumba hupita akiwa hai, na hapo ndipo hupitishwa akiwa amebebwa. Nyayo zao zote ziko kwenye udongo ule. Lakini mizimu haina miguu ya kwenda Kampala wala Kigali. Ukitaka imfuate mtoto wake huko aendako, ni lazima uitengenezee mwili, utie udongo wa kizingitini tumboni, kisha umpe msafiri abebe.

Mwili alianza na vijiti viwili vya ua wa boma, alivyovifunga msalaba. Nyama ilikuwa magome makavu ya mgomba. Aliyalowesha kidogo yasikatike, akayazungusha na kuyakaza mpaka mtu akapata mabega na makalio. Nywele zilikuwa nyuzi za kamba ya katani, na macho mbegu mbili za papai zilizokauka. Mdomo hakuweka kamwe, maana mtu wa nyumbani akienda kwa wageni na mdomo atasema mambo ya nyumbani. Miguu aliikata kwenye tairi kuukuu, akaifunga visigino vikiwa mbele, ili hata lori likielekea kwa watu, yeye awe anatembea kuja Chakol. Mwisho lilikuja tumbo, mfuko mdogo wa kitambaa kilichokatwa kwenye shati la msafiri mwenyewe. Udongo wa kutia humo ulichimbwa asubuhi ya safari, na mchimbaji alikuwa mtoto, kwa kuwa nyanya aliamini mizimu haimnyimi mtoto kitu. Kwa miaka kadhaa mtoto huyo nilikuwa mimi.

Nyanya alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Watu walimsengenya kwa kupokea vitu kwa mkono huo, hata kikombe cha chai, na yeye aliendelea kupokea. Mishono yake ililala upande tofauti na ya wanawake wengine wote. Hata vitambaa vya kanisa alivyoshona ungeweza kuvitambua katikati ya rundo. Nilijaribu kumuiga, ya kwangu ikalala upande wa kulia kama ya kila mtu, na akaniambia niiache ilale inapotaka.

Kuhusu kanisa, wasidhani watu kwamba hatukuwa Wakristo. Nyanya alikuwa na rozari tatu. Katekista wetu alikuja siku moja kumwonya juu ya vitu vyake vya gizani, akakaa, akanywa chai, akaonya, akaenda. Mwaka huohuo kijana wake alipopata kazi Kampala, katekista alirudi kwa njia ya nyuma, ile ya kupitia shamba la mihogo, akiwa na shati la kijana kwapani. Nyanya alimshonea mtu mzuri sana. Tuliambiwa tukicheka tutachapwa, kwa hivyo tulienda kuchekea kwa kuku.

Vitu vingine tulivitafuta Malaba siku za Jumamosi, nyanya alipoenda kuuza kuku. Hizo Jumamosi ndizo ninazozikumbuka mtu akiniuliza utoto wangu ulikuwaje. Malori yalipanga foleni mpaka usione mwisho wake. Matanboi, wale wasaidizi wa madereva, walipika ugali chini ya trela huku wakitukanana kwa lugha za Kenya nzima. Wanawake walipita na mahindi ya kuchemsha vichwani, na wabadilishaji pesa walitikisa mabunda ya shilingi za Uganda kama watu wanaofukuza nzi. Sisi macho yetu yalikuwa chini. Tuliokota vipande vya turubai, nyuzi za kamba, mabaki ya tyubu, na sili za kontena, zile kamba za plastiki za kufungia milango, zilizokatwa na kutupwa. Sili ya bluu ilikuwa kitu cha thamani, nyanya aliitumia kama mshipi wa kiunoni. Binamu yangu aliwahi kuning'ata mkono kwa ajili ya sili ya bluu, na alama ninayo mpaka leo.

Nilipita hapo majuzi. Pale tulipokuwa tunaokotea pamejengwa ukuta, na chini ni zege tupu lililofagiwa. Nilisimama nikitafuta hata uzi mmoja wa katani. Nilihisi uchungu nisioutarajia. Kumbe mtu mzima, mwenye kazi na kodi ya nyumba Burumba, anaweza kutamani takataka.

Baba alikuwa tanboi kwa miaka mingi. Alivuka na kurudi, alivuka na kurudi, na kila mara alikuja moja kwa moja Chakol, akanuka dizeli nyumba nzima, nasi tukaipenda harufu ile. Halafu akapewa lori lake mwenyewe aendeshe. Safari ya kwanza kama dereva ilikuwa ya Juba. Siku hizo Juba ilikuwa imefunguka, pesa ilikuwa huko, na habari mbaya pia zilikuwa huko. Mama hakulala vizuri mwezi mzima. Nyanya aliketi mlangoni na magome yake ya mgomba, akamtengeneza mtu ambaye sijaona mfano wake. Alikuwa mkubwa kuliko wengine, mwenye mabega ya baba kabisa, na shati lake lilikuwa lile la mistari ambalo baba alivaa siku ya ubatizo wangu.

Asubuhi ya safari nilichimba. Udongo wa kizingitini kwetu ni wa kijivu, laini kama unga, una majivu na makapi ya wimbi ndani yake, kwa sababu kila alipopika pombe nyanya alimwaga tone hapo kwa wenyewe. Nilijaza mkebe wa mafuta ya kupikia. Nyanya alikuwa ametangulia Malaba na kuku na yule mtu mdogo. Mama alinipandisha kwenye baiskeli ya boda, akanikabidhi mkebe kwa mikono miwili.

"Usicheze na hii mkebe," aliniambia. "Hiyo ni baba yako umebeba."

Nilisema nimesikia, na nilikuwa nimesikia kweli. Sikusahau hata kidogo mpaka nilipoona sukari.

Gunia lilikuwa limepasuka juu ya lori moja lililokuwa kwenye foleni, na sukari ilikuwa inashuka ubavuni mwa trela. Watoto wa Malaba yote walikuwa hapo. Walikinga kwa kofia, kwa sufuria, kwa viatu, mmoja kwa kipande cha bati alichokikunja. Nyumbani kwetu sukari ilipimwa kwa kijiko na kufungiwa kabatini. Na mimi nilikuwa na mkebe. Nilifikiri kwa muda wa kufumba macho mara mbili, halafu nikawamwaga mababu zangu wote kando ya barabara, nikachota sukari.

Nilijificha nyuma ya kibanda nikaila kwa kiganja. Niliila mpaka tumbo likauma, na hapo ndipo akili ikanirudia. Nilikimbia pale nilipomwaga. Umati ulikuwa umepakanyaga, na trela lilikuwa limesogea na kupapita kwa magurudumu. Hapakuwa na kijivu chochote. Nikachota kilichokuwepo, ile changarawe nyekundu ya kando ya barabara, nikajaza mkebe, nikaenda.

Nyanya alikuwa kwenye kivuli cha lori la baba, amemweka mtu mdogo mapajani. Nilitaka kumwambia. Nakumbuka nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini kabla sijasema neno alinipa sindano.

"Leo ni wewe utafunga tumbo," alisema. "Umekuwa mkubwa."

Kwa miaka yote nilikuwa nimeomba nishone tumbo na akanikatalia. Mama mmoja alikuja kuulizia bei ya jogoo, nyanya akageuka kumjibu, nami nikamimina changarawe upesi na kuanza kushona. Mishono kumi na mmoja, yote imelala kulia, mizuri. Nilipomaliza alimchukua, akamweka sikioni, akamtikisa kama alivyowatikisa wote. Aliniangalia usoni. Kisha alinyoosha kidole gumba, akanipangusa kitu shavuni, akakiangalia kile kidole, akakifuta kwenye leso yake.

Wakati huo baba alifika akilalamika kwamba karatasi za mzigo hazijatoka na wataondoka kesho.

"Basi huyu atalala nyumbani," nyanya akasema, akamtia kwenye kikapu pamoja na jogoo ambaye hakununuliwa.

Usiku ule niliomba Mungu asubuhi nyanya anitume kuchimba upya, kwa kuwa siku ya safari ilikuwa imehama. Nilipoamka alikuwa ameshaondoka, yeye na kikapu chake.

Baba alikwenda Juba, na baada ya miezi miwili alirudi mzima. Mama alichinja kuku wawili. Tulikaa mlangoni tangu asubuhi tukiangalia barabara. Hakuja siku hiyo, alikuja kesho yake mchana, akala akiwa nusu amesimama, akasema lori haliwezi kulala peke yake. Safari iliyofuata alituma mtu wa boda na kilo mbili za sukari na kitenge. Iliyofuata, mtu wa boda peke yake na pesa. Baadaye tukasikia amekodi chumba Malaba, nyuma ya hoteli ya mama mmoja anayepika chapati, halafu tukasikia chumba na hoteli ni nyumba moja.

Angelikufa njiani, nadhani ningelia na kumaliza. Lakini baba alirudi. Kila safari alirudi salama salimini, ila alirudi Malaba, hatua chache tu kutoka pale nilipochota ile changarawe. Mtu mdogo alikuwa anafanya kazi yake bila kosa hata moja. Alimrudisha baba yangu kwenye udongo aliokuwa amebeba tumboni, na aliyeutia humo ni mimi.

Nyanya hakutengeneza mtu mwingine tena. Watu walikuja na mashati wakiwa na safari zao, akawaambia macho yamechoka. Macho hayakuwa yamechoka, alikuwa anachambua mchele vizuri kabisa. Nilijua sababu, au nilidhani naijua: alikuwa amegundua. Kila aliponiita nilihisi sasa ndiyo leo. Aliniita kuniambia nilete kuni, nifukuze mbuzi, nimkune mgongo. Alikufa nikiwa kidato cha pili. Baba alikuja kwenye mazishi, akalala nje na waombolezaji, na nyumbani kwa mama hakuingia. Nilisimama kati yao nikitaka kuwaambia, nikashindwa.

Adhabu nilijipa mwenyewe, kama watoto wanavyojua kujipa. Sukari sikuiweka tena mdomoni. Watu wadogo niliendelea kuwatengeneza, mikono ilikuwa imeshazoea, na ofisini kila anayejifungua hupata mmoja. Tumboni natia pamba. Udongo sikuugusa tena.

Mwaka huu baba ameacha kazi ya barabara. Miguu imevimba, na jicho moja haliioni taa ya mbele vizuri. Mama wa hoteli alivuka kwenda kumuuguza mama yake upande wa Tororo, na miezi imepita bila kurudi. Huwa naenda kumwona baba Jumamosi, nampelekea samaki na dawa. Ninamkuta kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, akisahihisha madereva vijana wanavyorudisha lori nyuma. Kwenye msumari wa mlango ananing'inia yule mtu mdogo. Amepauka, amepoteza jicho moja, na tumboni amezungushiwa mkanda mpana wa tyubu nyeusi. Mkanda huo nimeuona tangu zamani, alipokuwa akining'inia kwenye kioo cha lori, na siku zote nilidhani baba aliuweka kumlinda asipasuke.

"Nataka kurudi nyumbani," baba aliniambia Jumamosi moja. Aliongea akiangalia lori. "Lakini nitaingia aje? Miaka ishirini. Nitasema aje?"

Mtu mwingine angefikiri juu ya mama, juu ya wazee wa ukoo, juu ya mambo ya kuongea. Mimi, mwanamke ninayebishana na maofisa wa forodha mpaka wanatafuta maji ya kunywa, nilifikiri juu ya changarawe. Nilijua nyanya alivyokuwa akifanya: mtu mdogo akikosea kazi, anafunguliwa kizingitini, udongo unarudishwa, na mwingine anashonwa. Nikaona kumbe dawa ninayo.

"Nipe huyo," nikamwambia. "Nataka kumrekebisha. Nikimaliza utakuja."

Alimtoa msumarini pole pole. "Huyu nimepita na yeye mpaka Goma," alisema. "Hata siku moja hajaniangusha."

Nilipofika Chakol mama alikuwa mlangoni anamenya njugu. Nilikaa chini, nikamweka mtu mdogo kati yetu, nikamweleza kila kitu. Gunia, mkebe, kibanda, changarawe, mishono kumi na mmoja. Nilieleza nikilia kama mtoto wa miaka kumi. Mama aliendelea kumenya. Hakuniangalia hata mara moja, na nikafikiri amekasirika sana.

"Fungua basi," alisema.

Nilikata mkanda wa tyubu kwa wembe. Chini yake kitambaa cha shati la mistari kilikuwa bado kina rangi yake, kwa kuwa jua halikukifikia. Nilitafuta mishono yangu kumi na mmoja. Niliyoiona ilikuwa mingi zaidi, midogo, imekazwa, na yote ilikuwa imelala kushoto.

Niliikata mmoja mmoja. Udongo ukamwagika kwenye kiganja changu. Ulikuwa wa kijivu, laini kama unga, na ndani yake kulikuwa na makapi ya wimbi. Niliutandaza kwa kidole nikitafuta punje moja tu nyekundu. Haikuwepo.

"Hiyo alfajiri nilimkuta hapa na kijiko," mama alisema. "Anachimba. Nikamuuliza mama unatafuta nini. Akasema hakuna, kuna kitu mtoto alisahau."

"Na hamkuniambia?"

"Kukuambia nini? Sisi tulijua imeisha. Ningejua aje wewe umebeba hiyo kitu miaka yote? Kwani ulisema?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia nyanya aliyenipangusa sukari shavuni, akaificha mishono yake chini ya tyubu, akanyamaza, nikamkasirikia mama na njugu zake, nikakasirikia kila kikombe cha chai chungu nilichomeza kwa ajili ya kosa lililorekebishwa kabla jua halijachomoza. Kisha hasira ikanigeukia upande ambao sikuwahi kuutazama. Kama udongo ulikuwa wa kwetu, basi baba alibeba kizingiti chetu kila safari. Alikitundika mbele ya macho yake, akashuka Malaba, akazima injini, akaenda kwenye chapati. Hakuna aliyempoteza njia. Miaka ishirini nilikuwa nimempa kisingizio ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukiomba, na sasa nilikuwa sina tena cha kumpa. Hilo liliniuma kuliko sukari yote.

Na nyanya alijua. Ndiyo maana nilimlilia upya, pale pale mlangoni. Alikuwa amechimba kwa mkono wake, ameshona kwa mkono wake, na mwanawe hakuja. Macho hayakuwa yamechoka, ni yeye aliyechoka.

Nilimpigia baba simu nikiwa bado na udongo mkononi.

"Umemaliza kushona?" akauliza.

"Baba, huu udongo ni wa hapa. Ni wa hapa tangu siku ya kwanza."

Nilisikia lori likipiga honi upande wake, na mtu akicheka.

"Najua," alisema. "Mama yangu aliniambia hapo kwa lori wakati ananipatia. Alisema hii nimekuchimbia mimi mwenyewe."

Nilikuwa na maneno mengi. Kazini sikosi neno. Nilichosema ni kifupi.

"Basi sitashona mwingine. Njia unaijua."

Nikakata simu. Mama hakuuliza amesema nini. Niliumwaga udongo kizingitini, pale ulipotoka, na yeye akaukanyaga akienda kuchukua ungo.

Baba alikuja Alhamisi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, mama alisema nimeomba bure, lakini yeye mwenyewe alikuwa amevaa leso mpya tangu asubuhi. Tulisikia pikipiki kwenye njia ya mihogo, ile ya nyuma, ile ya katekista. Akashuka kwa shida, akamlipa mtu wa boda, akabaki amesimama uani na mkoba mmoja begani na mfuko wa karatasi mkononi. Hakusogea. Nilitaka kwenda kumshika mkono, na mama akaniangalia nikakaa.

Alitembea peke yake mpaka kizingitini, akasimama tena, akanyoosha ule mfuko kwa mikono miwili. Ulikuwa wa sukari, kilo mbili, kama mtu aliyekuja kutembelea watu.

Mama aliutazama mfuko, akamtazama yeye.

"Sukari ya nini?" alisema. "Wewe ni mgeni hapa?"

Baba alibaki ameunyoosha mfuko, na hakuna aliyemsaidia. Mama alisogeza ungo wa njugu upande mmoja ili mtu apate pa kupita, akaendelea kumenya. Baada ya muda baba akainua mguu wake uliovimba, akakanyaga ule udongo, akaingia ndani.

Nilichukua mfuko kutoka mkononi mwake nikaenda jikoni kupika chai. Niliweka vikombe vitatu. Cha kwangu nilikitilia vijiko viwili, nikanywa nimesimama, na ilikuwa tamu mno.